Nilivyomtembeza Mama Mkwe Mji wa Machakos

Nyinyi vijana mnaotembeza wageni siku hizi, nawaona. Mnapita hapa Mumbuni mbele ya lango langu mmeinua simu juu kama mtu anayetafuta mtandao, na nyuma yenu wageni wanne watano wenye kofia pana. Sina kinyongo nanyi. Juzi mmoja wenu alisimama akaniomba nimpe siri ya kazi, maana alikuwa amesikia niliifanya miaka thelathini na mmoja. Nilimwambia siri ni kujua choo kiko wapi. Akacheka, akaenda zake. Lakini nilisema kweli tupu. Mgeni aliyebanwa haoni kitu, hata umwonyeshe mbingu ikifunguka.

Basi kwa kuwa hakukaa asikie yaliyobaki, nayaandika. Muda ninao. Nyumba yangu imekuwa kimya hivi kwamba nasikia friji ikianza kuvuma na ikinyamaza, na ikinyamaza ndipo najua kumbe ilikuwa inaniliwaza.

Wakati wetu, kila mgeni aliyefika Machakos alikuwa ameshaambiwa habari za ile barabara ya kule Kituluni, ambapo gari likiachwa bila gia hupanda mlima lenyewe, na maji yakimwagwa hukimbilia juu. Mimi sikupenda kwenda huko. Ni ajabu, sikatai. Lakini ajabu ya namna hiyo haihitaji mtembezaji, inahitaji chupa ya maji. Kazi yangu ilikuwa vitu vidogo vya mjini ambavyo wenyeji wanavipita kila siku bila kugeuza shingo. Kulikuwa na ukuta wa duka moja la zamani uliopakwa matangazo juu ya matangazo, na rangi ikibambuka unaona sabuni, chini ya sabuni majani ya chai, chini ya chai sigara. Kulikuwa na fundi aliyetengeneza pedali za cherehani tu, hagusi kingine. Ukimletea cherehani yenyewe anakutazama kana kwamba umemletea ng'ombe. Na nyuma ya maduka ya mawe kulikuwa na tangi kubwa la maji ya mvua lililochimbwa chini ya ardhi, na ukikaa juu ya kingo zake saa sita za mchana unapata baridi.

Aliyenifundisha haya hakuwa mtembezaji. Aliitwa Mzee Mutiso, na alikuwa akisoma mita za maji. Msoma mita anaujua mji kwa nyuma: mbwa gani anauma, lango gani halifungwi, nani anafuga nyuki juu ya choo. Nilimfuata miezi miwili bila malipo, nikibeba daftari lake. Nikimuuliza hili na lile ananijibu kwa kunionyesha kwa kidole. Neno moja tu alilirudia mpaka likanichosha. "Kijana, mbele ya duka ni ya watu wote. Nyuma ni kwa mtu. Piga hodi, na ukiambiwa kesho, rudi kesho."

Nilipiga hodi vizuri kwa muda mrefu. Kisha nikazoea, na mazoea, kama wasemavyo, yana taabu.

Sasa niwaambie kosa langu. Baadhi yenu mtalicheka, na mcheke tu, hata mimi sehemu ya mwanzo hunichekesha.

Karibu na soko kuna kichochoro kati ya majengo mawili ya mawe, chembamba hivi kwamba unapita kwa ubavu, bega mbele. Wageni walikipenda sana. Walipiga kelele kama watoto, walipima vitambi vyao, walipigana picha. Siku moja niko mbele na wageni wanane nyuma yangu, tumefika katikati, nikaona mtu anakuja kutoka upande wa pili amebeba kiondo mgongoni. Niliitambua leso kabla sijamtambua mtu. Alikuwa mama mkwe wangu, mama wa mke wangu Nduku, aliyekuwa ametoka kwao Masinga kuja sokoni.

Kwetu Ukambani, mwanamume na mama wa mke wake hawakutani. Hawali pamoja, hawapeani mkono, hawaitani majina. Wakionana njiani mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Tunaiita nthoni. Najua nyinyi mnapiga selfi na mama wakwe zenu harusini, na sisemi mmekosea. Lakini kwa rika langu nthoni haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na sisi heshima tuliipima kwa umbali.

Kichochoroni hakuna kichaka. Mama mkwe aligeukia ukuta, akajifunika uso kwa leso, akasimama hivyo. Nami nilipaswa kufanya kitu rahisi: kuwaambia wageni warudi nyuma. Watu wanane wangerudi kinyumenyume, wangekanyagana, dakika kumi tungekuwa tumetoka.

Badala yake ulimi wa kazi ukafunguka wenyewe. Nikawageukia wageni nikasema kwa Kiingereza changu kizuri kwamba leo wana bahati kubwa, kwamba huyu mbele yao ni mama wa mke wangu, na kwamba mila yetu inatukataza kuonana, tazameni alivyojifunika. Nilieleza vizuri, Mungu anisamehe, sijawahi kueleza kitu vizuri namna ile. Wakapiga picha. Mmoja aliomba niinamishe kichwa ili aone leso vizuri, na nikainamisha. Mama mkwe hakuelewa Kiingereza, lakini mlio wa kamera hauhitaji mkalimani. Mwishowe tulirudi nyuma kama tulivyopaswa kurudi tangu mwanzo, na akapita.

Nilipofika nyumbani Nduku alikuwa ameshapata habari. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua macho.

"Mama anasema hakukutana na mtu pale," akaniambia. "Anasema alikutana na duka."

"Nduku, nilikuwa na wageni."

"Najua ulikuwa na wageni. Sasa mama naye ulimuuza ngapi?"

Nikatoka nje nikajifanya nafunga lango.

Wazee waliacha njia kwa makosa kama hayo. Unapeleka mbuzi kwa wakwe, mbuzi anapokelewa, na mama mkwe akipenda anaweza hata kuilegeza nthoni yenyewe, mkasalimiana kama watu. Ni mbuzi mmoja tu. Na sikilizeni maajabu: mwaka uleule mbuzi alikuja mwenyewe mikononi mwangu.

Nilikuwa nawapeleka wageni kuwaona wafanyabiashara wa mifugo wa Kisomali. Hao wakipatana bei hawasemi neno. Muuzaji na mnunuzi wanashikana mikono chini ya shuka, wanaminyana vidole, kila kidole na maana yake, na waliosimama karibu hawajui wameachana kwa ngapi. Ni moja ya vitu vizuri zaidi nilivyowahi kuonyesha. Mzee Abdi, rafiki yangu mle sokoni, alituruhusu tusimame karibu kwa sharti kwamba tunyamaze. Sasa kijana mmoja wa Nairobi, mcheshi, akaingiza mkono chini ya shuka akaminyaminya tu. Mzee Abdi akautoa mkono, akatabasamu, akasema, "Umenunua."

"Nimenunua nini?"

"Hii mbuzi. Na umenipea bei mzuri sana, Mungu akubariki."

Kijana aliona haya kukataa mbele ya wenzake. Akalipa. Tukamaliza matembezi yote na mbuzi nyuma yetu, akala ua la mama mmoja na nusu ya ramani yangu. Jioni kijana akapanda gari lake akaniachia kamba. Nduku alipomwona yule mbuzi langoni uso wake ulifunguka, akasema, "Huyu Mungu ametuletea. Kesho tumpeleke kwa mama."

Nikamwambia kesho nina kundi. Kesho kutwa nina kundi lingine. Wiki ya pili wenzangu wa kazi walikuja kunipongeza kwa sababu nilikuwa nimeandikwa kwenye jarida fulani la wasafiri, na nikamchinja yule mbuzi. Nduku alipika ile nyama vizuri, ila yeye mwenyewe hakuila.

Wageni wangu wengi walinipenda. Ninazo barua zao kwenye sanduku la viatu, na nyingine zina picha. Lakini kazi hii ina upweke wake ambao hamjauonja bado. Unampeleka mtu mahali unapopapenda, anashangaa, anakushika mkono, mnakuwa kama ndugu kwa saa tatu, halafu anaondoka na hutamwona tena maishani. Ukifanya hivyo kila siku unajifunza kupenda watu kwa saa tatu. Unarudi nyumbani mtu wako yupo, naye anahitaji zaidi ya saa tatu, na umeshachoka kuongea.

Mambo yalibadilika. Zamani nilichora ramani kwa kalamu na kuzitoa nakala kwa mpiga chapa. Siku hizi mgeni anatumiwa lokesheni, anafika kabla yenu, anawangoja. Sitawalaumu, ila jueni hili: mahali pa siri ukishapaweka kwenye simu, umepaua. Fundi wangu wa pedali aliwekwa mtandaoni na kijana mmoja, akapata watu arobaini kwa siku, wote wa kupiga picha na hakuna hata mmoja mwenye pedali. Alifunga akarudi kwao Matuu. Mimi niliacha kwa sababu ya magoti, na pia kwa sababu wageni walianza kunipa nyota. Mtu mzima kupewa nyota tatu kama mtoto wa nasari!

Nduku alipoanza kuugua alimleta mama yake kutoka Masinga, maana kule hakubaki mtu. Mama mkwe hangeweza kukaa katika nyumba yangu, kwa hiyo alipangiwa chumba kwenye ploti ya nyuma, lango lake peke yake. Kati yetu kuna ua wa kayaba wenye miiba. Nduku alikuwa anapita hapo kati mara kumi kwa siku, anapeleka uji, anarudisha sahani, anapeleka maneno, anarudisha maneno. Sikujua alikuwa ameshikilia nini mpaka alipolazwa.

Siku ya mwisho nilikuwa hospitalini tangu asubuhi. Nilikaa kitandani mwake nimeupa mlango mgongo, nimemshika mkono, na sikutoka hata kunywa maji. Binti yetu Ndanu alikuwa njiani kutoka Syokimau anakofanya kazi. Nduku alisema neno moja mchana, akalala, na karibu saa kumi akatuacha.

Nilipotoka, nesi akaniuliza, "Yule mama wa kwenye benchi ni nani yako? Amekaa hapo tangu asubuhi, nikimwambia aingie anakataa."

Mnaelewa alichokuwa anangoja? Alikuwa anangoja nitoke. Hangeweza kuingia chumba nilichomo, na hangeweza kunitumia neno kwamba nitoke, maana kumfukuza mume kando ya mke wake si heshima. Kwa hiyo alikaa kwenye benchi, hatua kumi na tano kutoka kwa mtoto wake, akingoja mkwe wake ashikwe na njaa au haja. Nami siku hiyo, mimi ninayewafundisha habari za choo, sikushikwa na kitu.

Hiyo ni miaka mitatu sasa. Baada ya mazishi nilipeleka mbuzi hatimaye, kupitia kwa mjomba wa Nduku. Mbuzi alipokelewa. Mama mkwe hakutuma jibu, ila siku ile nilimsikia ng'ambo ya kayaba akiwaambia kuku wake, "Mbuzi mzuri. Amechelewa tu."

Ndivyo tulivyokuwa tunaongea. Yeye anaongea na kuku kwa sauti, nami nasikia. "Nyinyi kuku, kuna mtu hajafungua dirisha siku mbili, sijui ni mgonjwa." Basi nafungua dirisha. Mimi nami naongea na friji. "Friji, maji yatakatwa kesho, watu wajaze mitungi." Wazee wawili, kila mmoja na ukuta wake, na mtu tuliyekuwa tunamlilia ni mmoja.

Ndanu alipokuja Jumamosi moja aliniambia, "Baba, susu anauliza mama alisema nini siku ile."

"Mwambie bibi yako nitamwambia mwenyewe."

"Utamwambia aje na hamwonani? Niambie mimi nimwambie."

Sikuweza. Kuna maneno ambayo huwezi kumpa mtu abebe. Na tena kulikuwa na aibu ndani yake, mtaona.

Ndipo mwezi uliopita nikasikia ng'ambo ya kayaba, "Kuku, watu wametoka ng'ambo kuonyeshwa hii Machakos. Mimi niko hapa miaka saba, sijaonyeshwa hata jiwe."

Nilikaa kitandani nikafikiri mpaka chai ikawa baridi. Kisha nikamwita Ndanu kwa simu.

Tulitoka Jumamosi asubuhi, saa tatu. Mimi mbele, hatua kumi hivi. Nyuma yangu mama mkwe na fimbo yake, ameshika mkono wa Ndanu. Sheria ilikuwa moja, nisigeuke. Vijana, jaribuni siku moja kumtembeza mtu msiyemwona. Hujui kama anachoka, kama anacheka, kama anatazama unachomwonyesha au anatazama viatu vyake. Niliongea kwa sauti kubwa kuelekea mbele, na watu wa mji walinipisha. Mama mmoja muuza ndizi akasema, "Muhubiri, Mungu akubariki," akanipa moja. Nyuma yangu nikasikia mtu anacheka kicheko cha pumzi fupi. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka.

Nilimwonyesha ukuta wa matangazo. Tulisimama mbali tukatazama mikono ikiminyana chini ya shuka, na mtoto wa Mzee Abdi, maana mzee mwenyewe hayupo tena, akamletea kiti. Kichochoro nilikiruka, na hakuna aliyekiulizia. Nilikuwa namngoja kwa kusikiliza fimbo: ikipiga polepole napunguza, ikinyamaza nasimama.

Tulipofika kwenye tangi la maji ya mvua nilipiga hodi kwa mwenye ua, tukakaribishwa. Ndanu alimkalisha susu wake upande wa kule wa kingo, mimi nikakaa upande wa huku, tukapeana migongo. Ndanu akasema anaenda kununua chai. Hakuna chai karibu na pale, najua mji, na yeye pia anajua.

Nikaanza kazi yangu. "Tangi hili lilichimbwa na wenye maduka wa zamani. Mvua ikinyesha, maji yanatoka kwenye mabati yote haya..."

"Wacha tangi," akasema.

Nikaacha.

"Nduku alisema nini?"

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniambia neno mimi mwenyewe, bila kuku, na nilimfahamu kwa miaka thelathini na sita.

"Aliuliza kama umekula," nikasema.

Fimbo ilikwaruza jiwe. "Alisema hivyo?"

"Alisema, 'Mama amekula?' Basi. Hakusema lingine."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nilimwambia umekula." Kisha nikaona heri niseme yote. "Sikujua kama uko kwenye benchi. Sikujua kama umekula au hujala. Nilimdanganya ili alale. Mtu anakufa, na neno la mwisho analosikia kutoka kwangu ni uongo."

Miaka yote ile niliishi kwa kusoma nyuso za watu, nikijua lini niendelee na lini ninyamaze, na sasa nilikuwa na mgongo tu. Nilisikia njiwa kwenye mabati. Nikafikiri labda ameinuka ameondoka, na mimi nimekaa naongea na ua wa watu. Sijawahi kuwa peke yangu kama dakika ile, hata siku tuliyomzika.

"Nilikuwa nimekula," akasema.

"Nini?"

"Ile nesi iliniletea chai na mkate. Saa sita. Nilikula yote, nilikuwa na njaa." Akavuta pumzi. "Hukumdanganya. Nilikuwa nimekula."

Nililia hapo, sioni sababu ya kuwaficha. Nililia bila sauti, kwa kuwa nilidhani mgongo hauonyeshi. Kumbe unaonyesha.

"Geuka, Baba Ndanu," akasema. "Nimechoka kuongea na ukuta."

Niligeuka.

Nimewaonyesha watu kila kitu katika mji huu, na vingine havikuwa vyangu kuonyesha. Uso wa mama mkwe wangu asubuhi ile nitakaa nao mwenyewe. Nitasema tu kwamba alinitazama kwa muda mrefu, kuanzia kichwani mpaka viatuni, kama mtu anayekagua kitu alichokiazimisha zamani. Kisha akaniuliza kama mimi nimekula.

Nikasema bado.